Kompyuta ya Mitumba: Ipime Kabla ya Kuibadilishia Mfumo

Katika ofisi za shule na saiba za pande za Lambwe nchini Kenya, kuanzia Mbita hadi Magunga, si ajabu kukuta kompyuta ya mezani iliyofanya kazi Ulaya au Nairobi miaka kadhaa kabla ya kuletwa huku kama mtumba au msaada. Mwenyewe akiona imeanza kukataa tovuti, humwambia fundi, "Niwekee Windows mpya." Ombi hilo huja mapema mno. Cha kuuliza kwanza ni mashine ina nguvu gani na inafanya kazi gani.

Mfumo endeshi ukiachwa na mtengenezaji hauzimiki. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza. Zote bado zinawaka. Kinachokoma ni kuzibwa kwa mianya ya usalama inayogunduliwa kila mwezi. Baadaye vivinjari navyo hujitoa: kwa Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109, mwaka 2023.

Lakini kabla ya kulaumu mfumo, tazama saa. Kompyuta ikiwaka kila asubuhi na tarehe ya miaka ya nyuma, kivinjari kitadai kila tovuti si salama. Sababu ni kwamba cheti cha usalama cha tovuti kina siku ya kuanza na ya kuisha, na kwa saa iliyorudi nyuma cheti hicho bado hakijaanza kazi. Ndani ya kasha, kwenye bodi mama, kuna betri ndogo ya duara iliyoandikwa CR2032. Ibadilishe, rekebisha tarehe, kisha ujaribu tena. Ukiwa umeshafungua kasha, toa vumbi kwa brashi laini. Feni iliyojaa vumbi la kiangazi huiacha prosesa ipate joto, nayo hupunguza mwendo ili isiungue.

Tatizo likibaki, pima. Fungua ukurasa wa sifa za kompyuta usome mambo matatu: prosesa, RAM, na kama mfumo ni wa biti 32 au 64. Hapa wengi hukosea, maana mfumo wa biti 32 hauthibitishi kuwa prosesa nayo ni ya biti 32. Core 2 Duo, iliyotoka mwaka 2006, ni ya biti 64, ila nyingi ziliwekewa Windows ya biti 32, ambayo haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 za RAM. Mashine ya namna hiyo ina uwezo uliolala.

Windows 11 ni habari nyingine. Inadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, kwa kawaida, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Wapo mafundi wanaojua njia za panya za kuruka masharti hayo. Kwa Core 2 Duo njia hizo zimefungwa: tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, Windows 11 inatumia amri ambazo prosesa hiyo haina kabisa, kwa hiyo haitawaka. Ni sawa na kufunga injini ya feri kwenye mtumbwi.

Kinachofaa mashine hizi ni mfumo endeshi wa Linux. Linux Mint 22 inataka angalau GB 2 za RAM, na kwa GB 4 inatulia. Lubuntu ni nyepesi zaidi. Kwa prosesa za biti 32 mlango unazidi kuwa mwembamba, kwani hata Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisimikaji cha prosesa hizo, lakini antiX 23 bado inazihudumia.

Faili ya Mint inakaribia GB 3, na bando ni pesa. Ipakue mara moja mahali penye intaneti nzuri, hakiki namba yake ya SHA256 ili ujue imefika nzima, uiandike kwenye fleshi. Fleshi hiyo moja itahudumia kompyuta zote za shule zenye prosesa za biti 64. Zaidi ya hayo, mfumo unawaka kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski. Jaribu printa, sauti na Wi-Fi. Fungua pia fomu unazotegemea: lahajedwali za mamlaka ya kodi (KRA) zenye makro, kwa mfano, huenda zisifanye kazi vizuri nje ya Excel. Kama kazi yako yote ni hizo, acha kompyuta moja yenye Windows inayopata masasisho.

Ukiridhika, nakili faili zako kwenye diski ya nje, uhakikishe zinafunguka kwenye kompyuta nyingine, ndipo usimike. Tumia UPS, kwa sababu stima ikipotea wakati diski inagawanywa, data inaweza kwenda nayo. Ukiwa na pesa kidogo, nunua diski ya SSD kabla ya kitu kingine. Hakuna badiliko linaloonekana haraka kuliko hilo.

Kompyuta inayoendesha programu ya XP isiyo na mbadala, iache na XP yake, ila itenge na intaneti na uchunguze kila fleshi inayoingia. Na Pentium 4 yenye MB 512 za RAM imemaliza safari. Kabla haijapelekwa kwa wanaorejeleza taka za umeme, kama WEEE Centre ya Nairobi, futa diski yake yote kwa programu ya kufuta, au ing'oe. Majina na alama za wanafunzi zilizomo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, hata kama kasha limeshika kutu.