Popo wa Pemba na Nasaba Yake

Kina mama wengi wa pwani humjua popo kwa masalia anayoyaacha usiku chini ya mkungu na mwembe, na wako wanaomwogopa kwa kumdhania ndege wa uchawi. Wala yeye si ndege. Huzaa na kunyonyesha, na bawa lake ni mkono uliorefushwa vidole na kuvikwa ngozi nyembamba. Baadhi ya wafasiri wamesema kwamba ndege aliyefinyangwa kwa udongo na Nabii Isa, alayhi salaam, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, alikuwa popo, kwa maajabu ya umbo lake.

Aina zake zilizokwisha kutambuliwa zapita 1,400. Zamani wataalamu waliwagawa mafungu mawili: wakubwa walao matunda na wadogo walao wadudu. Uchunguzi wa chembe za urithi umekuja kuonyesha kuwa baadhi ya wadogo ni jamaa wa karibu zaidi na wakubwa kuliko na wadogo wenzao. Udugu, basi, haupimwi kwa kimo.

Miongoni mwa wakubwa imo jamaa iitwayo Pteropus. Iko Bukini, Ngazija, Shelisheli, India, Australia hata visiwa vya Pasifiki. Bara la Afrika hayuko hata mmoja. Mafia yuko aliye wa ukoo wa Ngazija. Pemba yuko wake peke yake, asiyepatikana pengine popote, ambaye Mjerumani Paul Matschie alimwandika mwaka 1909 kwa jina la Pteropus voeltzkowi. (Wapemba, bila shaka, hawakungoja kuambiwa kuwa yuko.) Mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita moja na nusu, na bara iko kiasi cha kilomita 50 tu, hata hivyo makazi yake ni kisiwani.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 alikaribia kutoweka. Misitu ilikuwa imefyekwa, naye akiwindwa kwa nyavu na bunduki ili aliwe. Nasi tuliosoma fiqhi ya Kishafii twajua kuwa vitabu vyetu vimeharamisha nyama ya popo! Kitabu kilikuwa rafuni, popo chunguni. Kisha vijiji, Kidike kikiwa kimoja, vikaanza kumlinda, na hesabu ya miaka ya 2006 na 2007 ikakuta wapatao 20,000.

Kumhifadhi si kumchezea. Tunda lenye alama ya meno yake litupwe, wala mtoto asimshike popo aliyeanguka.