Tuanze na Sufuria ya Maharage: Kupunguza Hewa Ukaa Nyumbani na Kazini



Kila tunapozungumza na waamini juu ya mabadiliko ya tabianchi, swali moja hurudi: sisi wa Soweto tuna kosa gani? Hatuna viwanda vikubwa, wengi wetu hatuna magari, na wanaopanda ndege kila wiki ni wengine. Swali hili ni la haki. Kwa wastani, mtu mmoja nchini Marekani hutoa tani 14 hivi za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Aliyechafua zaidi anadaiwa zaidi, na Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alilisema hilo waziwazi katika Waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015.

Lakini hesabu hiyo inahusu mafuta, gesi na makaa ya mawe tu. Haihesabu mti uliokatwa ili sisi tupike. Hapa kwetu Mbeya, sehemu kubwa ya mzigo wetu wa hewa ukaa, ule ambao wataalamu huuita nyayo za kaboni, iko jikoni. Na moshi wa jikoni, kabla haujafika angani, hupitia kwanza kwenye mapafu ya mama na watoto. Ndiyo maana tunasema tuanzie hapo.

Ndani ya kilo moja ya mkaa

Mkaa tunaoununua kwa sado sokoni hutoka kwenye misitu ya miombo, kama ile ya upande wa Chunya. Katika tanuri la kawaida la udongo, huhitajika kilo 6 hadi 10 za kuni ili kupata kilo moja ya mkaa. Sehemu kubwa ya nguvu ya mti huishia porini kama moshi. Familia inayotumia gunia la kilo 50 kwa mwezi hutumia kilo 600 kwa mwaka, yaani si chini ya tani tatu na nusu za miti.

Kilo hiyo moja ikiungua jikoni hutoa karibu kilo 3 za hewa ukaa. Inawezekanaje kilo moja izae tatu? Kaboni iliyomo kwenye mkaa hushikana na oksijeni ya hewani, na oksijeni nayo ina uzito wake.

Mti ukichipua tena na kukua, hurudisha kaboni ile kutoka angani. Miombo hujua kuchipua kutoka kwenye visiki, mradi iachwe. Shida ni pale tunapokata haraka kuliko inavyoota, au tunapogeuza msitu kuwa shamba. Takwimu za Serikali zinasema Tanzania hupoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka.

Kwa nini maharage ya Mbeya hayaivi upesi

Mji wetu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakati Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo maharage yale yale huchukua muda mrefu zaidi kuiva Soweto kuliko Kariakoo, na mkaa zaidi huungua. Tukilijua hilo, tunaweza kufanya mambo manne.

Kwanza, tuloweke maharage usiku kucha, kisha tumwage maji yale kabla ya kupika.

Pili, tufunike sufuria, na yakishachemka tupunguze moto. Maji yanayochemka hayaongezeki joto kwa kuchochewa, yanakauka tu.

Tatu, anayeweza anunue sufuria ya presha. Mvuke ukibanwa ndani, joto hupanda kupita nyuzi 100 na ule ugumu wa mlimani huondoka.

Nne, tutengeneze kapu la joto: kapu kubwa lililotandikwa blanketi kuukuu au vipande vya nguo. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu nusu saa nzima, kisha sufuria iliyofunikwa iwekwe ndani na kuzibwa vizuri. Yataendelea kuiva bila moto. Yakitolewa, yachemshwe tena kabla ya kuliwa.

Gesi, umeme na makaa ya mawe

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Serikali inakadiria kuwa watu wapatao 33,000 hufariki nchini kila mwaka kwa magonjwa yatokanayo na moshi wa kupikia.

Gesi ya mtungi nayo hutoa hewa ukaa, tusidanganyane. Ila joto lake kubwa huingia kwenye sufuria badala ya kupotea pembeni, na haina moshi. Jiko la presha la umeme ni bora zaidi. Lenye wati 1,000, hata likiwaka saa nzima bila kukatika, hula uniti moja tu. Na kwa kawaida hujizima na kujiwasha lenyewe. Sehemu kubwa ya umeme wetu sasa hutokana na maji, hasa baada ya kukamilika kwa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115.

Wapo pia wanaotumia mkaa mbadala unaotengenezwa kwa makaa ya mawe, likiwemo yale ya Kiwira. Huu huokoa miti, na hilo ni jema. Lakini kaboni yake ilikuwa imezikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka, na hakuna kisiki kitakachochipua kuirudisha. Mkaa mbadala wa pumba za mpunga au vumbi la mbao hauna deni hilo.

Jiko lisiingie chumbani

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi yetu huuma. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga madirisha na kulala. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu hapati hata nafasi ya kushtuka. Analala moja kwa moja. Usidhani kwamba moshi ukiisha hatari imeisha, kwani hata makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa sumu hiyo. Tuongeze blanketi, jiko libaki nje.

Kazini na seminarini

Serikali imeelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Seminari, shule na hospitali za Kanisa zimo. Nyingi zinafuga ng'ombe au nguruwe, kwa hiyo zina samadi ya kuzalishia bayogesi. Samadi ikioza ndani ya maji bila hewa hutoa methani, ambayo kwa uzito ule ule hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa. Tukiinasa na kuiwasha jikoni, tunapika na tunapunguza madhara yake. Tope linalobaki ni mbolea ya bustani.

Ofisini tuzime taa na kompyuta tunapotoka, tuchapishe kurasa pande zote mbili, na maji ya chai yachemshwe mara moja na kuwekwa kwenye chupa. Wanaokwenda mkutano mmoja wapande gari moja. Laudato Si', katika aya ya 211, inataja matendo madogo ya namna hii: kupika kinachotosha kuliwa, kutumia usafiri wa umma, kupanda miti, kuzima taa isiyohitajika. Kwa macho ya imani, ni matendo ya upendo.

Jumuiya ifanye nini

Kikwazo kikubwa tunakijua. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, kwa fedha ya siku. Mtungi na jiko vinadai fedha nyingi kwa mara moja. Kumlaumu mama anayepika kwa mkaa si haki wala si Injili. Lakini Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zinajua kuchangiana kwenye misiba na harusi. Tuchangiane vivyo hivyo kwa upatu: kila mwezi kaya moja ipate sufuria ya presha au mtungi, tukianza na wajane, wazee na wenye watoto wadogo. Ndani ya mwaka mmoja kaya 12 zitakuwa zimepumua.

Usiku wa leo, kabla ya sala ya familia, tuloweke maharage ya kesho.