Mko Wanne kwa Keja Ozi? Hivi Ndivyo Mtapata Wi-Fi Bila Kukosana

Mko wanne kwa keja moja Ozi, huko chini mto Tana ukikaribia bahari Kipini, na kozi ni za onlaini. Kila mtu akinunua bando yake, mfuko unalia. Changeni!

Kwanza, pimeni netiwaki. Jaribuni laini tofauti hapo kwa dirisha. Yenye inashika fiti, nunueni rauta yake. Zote zikigoma, kuna dishi ya Starlink, iliingia Kenya Julai 2023. Hiyo haingojei busta, inataka tu anga wazi na stima. Usiiweke chini ya mwembe.

Pili, hesabu. Tuseme ni 4,000 kwa mwezi: ngiri moja kila mtu, na itoke kabla ya siku ya kulipa. Kumbuka akaunti iko kwa jina la mmoja wenu. Wengine wakihepa, mzigo ni wake. Andikianeni mapema.

Tatu, muvi. Netflix ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Kifurushi cha GB 50 kinaisha na saa 16 hivi. Sasa asainimenti utatuma na nini, buda?