MALIPO YA UPASUAJI NJE YA NCHI: HASARA YA KUBADILI FEDHA

Watumishi wa kutoka Visiwani walioko Dodoma kwa kazi za Muungano, pamoja na wakazi wote, wanakumbushwa kuwa kila benki na duka la kubadilishia fedha hununua dola kwa bei ndogo na kuiuza kwa bei kubwa. Hasara ya mgonjwa imo katika tofauti hiyo. Tuseme dola inanunuliwa kwa shilingi 2,500 na kuuzwa kwa 2,600: aliyechukua dola 1,000 za ziada, kisha akazirudisha, amepoteza shilingi 100,000 bila ya kutibiwa hata jipu.

Kwa hiyo aendaye India aombe mapema ankara ya hospitali, aone inadai dola au rupia. Ikidai dola, zisigeuzwe rupia njiani. Alinganishe bei za benki mbili tatu, kisha fedha zitumwe moja kwa moja katika akaunti ya hospitali, mtumaji akibeba ada zote, kwani malipo yaliyopungua huweza kuchelewesha upasuaji.

Na kabla ya hayo yote, aliyeandikiwa kupandikizwa figo aulize Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, iliyoanza kazi hiyo mwaka 2018. Huko mwananchi hulipa kwa shilingi.