KENGELE IKINYAMAZA: NAMNA YA KUTUNZA WAKATI WETU

Wandugu wapendwa wanafunzi, na ninyi walimu wetu waheshimiwa,

Sisi wafinalisti tuliombwa kuandika juu ya wakati, sababu kila juma tunashika kaye ya waliochelewa, na majina ni yale yale. Lakini mbele ya kuwasema wengine, tuseme habari yetu wenyewe.

Katika mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 vita ilifika Masisi-centre, na katika mwezi wa tatu ikafika Walikale-centre. Masomo yalisimama, watu wakakimbia na vyombo juu ya kichwa. Sisi tuliosifiwa hapa kwa kuamka mapema, tulifanya nini kule tulikokimbilia? Juma la kwanza tulisema: "Tutasoma kesho, leo tumechoka." Juma la pili tukasema vile vile. Tuliporudi kalasini, wengi wetu hata hesabu ndogo ilitushinda. Lakini mwenzetu mumoja, binti wa upande wa Walikale, ambaye zamani alikuwa nyuma yetu kwa pointi, alirudi akijua. Tulimuuliza: "Kule ulipata mwalimu?" Akajibu: "Hapana. Kila mangaribi nikisha kutua bido ya maji, nasoma ukurasa moja, ndipo nawasha moto. Maji ni kila siku, basi na ukurasa ni kila siku."

Jibu lile lilitupatisha haya. Sisi tulikuwa tunaamka juu ya kengele; kengele iliponyamaza, tulilala. Yeye alifunga masomo yake na kazi ambayo haisimami, hata katika ukimbizi. Hilo ndilo jambo tunalotaka kueleza leo.

1. Saa iko mbele ya macho

Wengine wanasema: "Sina saa ya mukono, ndiyo sababu nachelewa." Wandugu, Masisi na Walikale ziko karibu sana na mustari wa ekwateri, hazifiki digre mbili upande wa kusini. Kwa hiyo mwaka muzima jua linatoka karibu na saa kumi na mbili ya asubui, na linaingia karibu na saa kumi na mbili ya mangaribi. Ulaya si vile: wakati wa baridi usiku ni murefu sana, na wakati wa joto jua linakawia kuingia. Kwetu saa moja ya Kiswahili ni kweli saa moja nyuma ya jua kutoka. Mutu anaweza kupanga siku yake kwa jua na kwa jogoo.

Tujihadhari tu na fujo ya hesabu mbili. Mwalimu akisema kwa Kifaransa "sept heures", ni saa moja yetu ya asubui. Kuko waliosikia "saa saba" wakafika katikati ya siku, kazi imekwisha. Tena Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja: radio ya kule ikitangaza saa moja, hapa ni saa mbili. Ukialikwa, uliza: "Saa ya Kiswahili ao ya Kifaransa?" Kuuliza si haya.

2. Mazoea yanazaliwa namna gani

Katika mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walitangaza uchunguzi wao juu ya watu 96. Kila mutu alichagua jambo dogo, kama kula tunda ao kukimbia kidogo, akalifunga na jambo lingine la kila siku, kama chakula. Kwa kawaida zilihitajika karibu siku 66 mpaka jambo lile lifanyike bila kujisukuma. Kuko aliyehitaji siku 18 tu. Kwa mwingine, hesabu ilionyesha kwamba angehitaji 254. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakuharibu kazi yote.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza: anayeacha nyuma ya majuma mawili akisema "Mimi siwezi" ameacha mapema sana. La pili: ukikosa leo juu ya mvua ao ugonjwa, usijihukumu. Kesho endelea. Hatari ni kukosa siku ya pili, kisha ya tatu.

3. Fromaji haigeuzwi mara moja

Tuangalie wanaotengeneza fromaji katika milima ya Masisi. Maziwa hayangoji. Yanatiwa dawa ya kugandisha, yanakatwa, yanabanwa katika chombo chake, kisha yanalowekwa katika maji ya chumvi. Halafu fromaji inakaa juu ya mbao kwa majuma, na inageuzwa tena na tena ili ikauke sawasawa. Aliyeisahau juma zima hawezi kuigeuza mara saba siku ya posho na kusema amelipa deni. Fromaji ile inauzwa Goma, lakini nyuma yake kuko mutu aliyeamka kila siku.

Masomo ni vile vile. Mujerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alieleza namna alivyojipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Siku moja ikipita, karibu sehemu mbili juu ya tatu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Lakini aliona pia kwamba kurudilia mara 38 katika siku tatu kulimusaidia sawa na kurudilia mara 68 kwa siku moja. Basi wale wanaokesha usiku mumoja na kahawa mbele ya egzamen wanafanya kazi nyingi kwa faida kidogo. Examen d'État, iliyoanza katika inchi yetu mwaka 1967, inatuuliza kwa siku ine mambo ya miaka mingi. Usiku mumoja hautoshi.

4. Mambo ya kufanya

a) Chagua jambo moja dogo. Ukurasa moja, ao hesabu mbili. Aliyepanga kumi anaangusha kumi.

b) Lifunge na kazi isiyosimama: kuchota maji, kukamua, kuosha vyombo, ibada ya asubui.

c) Soma mbele ya giza. Jua halilipishi, pile za torchi zinalipisha.

d) Piga mustari katika kaye kila siku uliyofanya. Usijidanganye, hakuna anayekuangalia.

e) Wavulana, musikie hii. Kaka anacheza mupira, dada anachota maji, anapika, anabeba mutoto. Kisha tunashangaa dada anasinzia kalasini. Anayetaka nyumba yake itunze wakati, agawanye kazi. Bido ya maji haijui kama wewe ni mwanaume.

5. Na kazi ya kesho?

Kuko wanaosema wakati ni jambo la shule tu. Si kweli. Munganga anayechelewesha sindano anaumiza mugonjwa. Mwalimu anayefika nusu saa nyuma, mbele ya wanafunzi makumi ine, amekula saa makumi mbili za watoto. Hata fundi wa mbao anakosa kazi kama kila siku anasema "kesho". Mutu hapati mazoea siku ya kupata diploma, anafika nayo.

Wandugu, nyuma ya Examen d'État sisi tutaondoka hapa, na hakuna kengele itakayotufuata nyumbani. Ninyi pia hamujui siku gani masomo yatasimama tena. Tunaomba Mungu yasisimame. Hatutaki kaye ya waliochelewa ipungue juu ya kuogopa adabu. Tunataka kila mutu awe na kengele yake ndani, ambayo haiwezi kuibiwa njiani.

Tuanze leo mangaribi. Maji yakisha kutuliwa, ukurasa moja.

Ni sisi wenzenu,
Wafinalisti, kwa mukono wa kapita wa wanafunzi