Video katika Ufundishaji wa Kiingereza: Sikio Kabla ya Jicho

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati zinafundishwa kwa Kiingereza. Kiingereza anachokuja nacho ni cha ubaoni na daftarini. Amekiona zaidi ya alivyokisikia. Hapo ndipo video inapoweza kumfaa, ingawa si kila namna ya kuitumia humfaa.

Ugumu umo katika lugha zenyewe. Kiswahili kina irabu tano, tahajia yake hufuata matamshi, na mkazo hukaa aghalabu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kila silabi hupata haki yake. Kiingereza kina irabu nyingi zaidi, hata ship na sheep zikawa neno moja katika sikio la Mswahili. Tena silabi isiyo na mkazo humezwa: comfortable, ambalo mwanafunzi hulisoma silabi kwa silabi kama lilivyoandikwa, hutamkwa mara nyingi kwa silabi tatu tu. Mfano wenye madhara zaidi ni can na can't. Katika I can go, neno can hufifia karibu litoweke. Katika I can't go, can't hubeba mkazo, ilhali t yake ya mwisho, hasa kwa Wamarekani, huenda isisikike wazi. Anayeisubiri hiyo t ataelewa ruhusa mahali palipo na katazo.

Niliwahi kulionyesha darasa filamu ya dakika 20 yenye manukuu ya Kiswahili, yaani yale maandishi yanayopita chini ya picha. Walicheka palipostahili kucheka, wakasimulia kisa barabara. Nilipowaomba sentensi moja tu ya Kiingereza waliyoisikia, hapakuwa na mkono uliopanda. Walikuwa wamesoma Kiswahili kwa dakika 20.

Tangu hapo hutumia kipande cha dakika mbili. Mara ya kwanza hutazamwa bila manukuu, ili wanafunzi wakisie nani anataka nini. Mara ya pili huwekwa manukuu ya Kiingereza, nami husimamisha picha pale sauti na maandishi yanapoachana. Mara ya tatu manukuu huondolewa na wanafunzi huigiza mazungumzo. Kasi yaweza kupunguzwa hadi robo tatu. Ikizidi hapo, mahadhi ya usemi huharibika. Manukuu yanayotengenezwa na mashine sharti mwalimu ayapitie kabla ya kipindi, kwani mashine nayo hukosea majina na maneno yaliyofifia.

Wazo la kumpunguzia mwanafunzi mwendo ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1959 Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo ya Kiingereza chepesi kwa msamiati wa takribani maneno 1,500, yakisomwa polepole. Matangazo ya namna hiyo yalifaa mwanzo; shida ni kumwacha mwanafunzi humo daima, maana mtaani hakuna azungumzaye hivyo.

Kuhusu gharama ya bando, kipande kimoja hupakuliwa mara moja kikatumika muhula mzima. Pasipo na projekta, simu moja na spika hutosha: geuza kioo cha simu, darasa lisikilize sauti peke yake, kisha liseme linadhani picha inaonyesha nini.