Istilahi “Nusutropiki”: Maana na Matumizi Yake katika Kiswahili

Istilahi nusutropiki hutumika katika maandishi ya Kiswahili ya jiografia na kilimo kutajia maeneo yanayopakana na tropiki kwa upande wa kaskazini na wa kusini. Kimuundo ni neno ambatani: nusu ina asili ya Kiarabu, na tropiki imetoholewa kutoka lugha za Ulaya, chanzo chake kikiwa neno la Kigiriki lenye maana ya kugeuka, yaani pale ambapo jua huonekana kugeuza njia yake. Neno hili lina wenzake, kama vile nusujangwa na nusukipenyo. Kwa hiyo halina utata wa kimofolojia. Utata wake ni wa kisemantiki.

Kiambishi cha Kilatini sub- huonyesha mahali: chini ya kitu au karibu nacho. Kiarabu husema shibh madari, ambapo shibh ni mfanano. Mzizi huohuo umo katika kitenzi cha Kiswahili shabihi. Kiswahili kimechagua kiasi. Je, uteuzi huo ni kosa? Katika nusukipenyo, nusu ni ya hesabu kamili, na mwanafunzi aliyezoea maana hiyo aweza kudhani kwamba nusutropiki ni sehemu ya tropiki iliyokatwa katikati. Lakini nusu ya Kiswahili si ya mizani daima. Mgonjwa aliyetiwa nusukaputi hakugawanywa mara mbili. Amekaribishwa kwenye hali fulani bila kufikishwa. Kwa maana hiyo ya ukaribio istilahi inakubalika, na kuibadilisha sasa kungezidisha mkanganyiko.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba neno hubeba dhana mbili. Ya kwanza ni ya mahali: kanda zinazoanzia latitudo 23°26' na kuendelea hadi takriban 35° au 40°. Mji wa Maskati, wenye wasemaji wa Kiswahili, uko nje kidogo tu ya Tropiki ya Kansa, ilhali Salalah, katika nchi hiyohiyo ya Omani, umo ndani. Ya pili ni ya tabianchi. Katika uainishaji wa Glenn Trewartha, kwa mfano, kigezo ni wastani wa joto: angalau miezi minane ifikie nyuzi 10 za Selsiasi, na mwezi wa baridi kuliko yote uwe chini ya nyuzi 18. Latitudo haitajwi.

Dhana hizi zikichanganywa, athari yake hufika shambani. Tanzania na Kenya zimo ndani ya tropiki kabisa. Hata hivyo Nairobi, iliyo karibu na Ikweta lakini juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, huhesabiwa katika vitabu vingi kuwa na tabianchi ya aina hiyo ya pili. Vivyo hivyo mkulima wa Njombe, kwenye takriban latitudo 9 kusini, akisoma kwamba parachichi ni “zao la nusutropiki”, ana haki ya kuhitimisha kuwa halimhusu, ingawa hustawi vizuri katika nyanda zake za juu.

Sarufi ya Kiswahili ina njia ya kutenganisha dhana hizo bila kukopa neno jingine. Kiambishi ki- cha namna na mfanano, kama katika kitoto au kifalme, kikitumiwa kwa uangalifu, nusutropiki ingebaki kuwa jina la kanda, na -a kinusutropiki ingetaja sifa. Hapo Nairobi ingesemwa kuwa na tabianchi ya kinusutropiki bila kuwamo katika nusutropiki, na parachichi lingekuwa zao la kinusutropiki. Waandishi wengi kwa sasa hutumia maumbo hayo mawili kiholela, hata katika ukurasa mmoja. Kamusi ya istilahi inapaswa kuyapa fasili mbili, ya kwanza ikitaja latitudo na ya pili ikitaja joto.